Kuthibitisha Kwamba Fundo Halifunguki

Mkiniuliza nilifanya kazi gani maishani, huwa najibu kwamba nilikuwa mwalimu wa hesabu. Jibu hilo ni la kweli na halizai maswali. Jibu kamili ni kwamba nilifundisha hesabu ili nile, na muda uliobaki niliutumia kuchunguza mafundo. Sisemi mafundo ya kufungia mizigo. Nasema fundo lenyewe: lina umbo gani, na je, fundo hili na lile ni mawili kweli, au ni moja lililojipinda?

Nilipokwenda kuposa, marehemu baba mkwe aliniuliza swali hilohilo. Nikamweleza kwa heshima zote.

"Kwa hiyo unayafungua," alisema.

"Hapana, baba. Nathibitisha kwamba hayafunguki."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akaniambia kwamba binti yake, Anandumi, anajua kulima. Nilielewa kwamba alikuwa anapiga hesabu ya nani atakayemlisha nani.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaopenda hesabu na hamjapata namna ya kuwaambia wazazi. Sitafuata miaka. Kalenda za wakati ule tulizifunikia madaftari, na kumbukumbu zangu nadhani zilikwenda nazo.

Nianze na kosa, kwa sababu ndilo lililonipatia mwalimu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kijana wa shati jeupe, nikapangiwa shule ya kati ya misheni kule Akheri. Wakati wa Mwingereza, shule ya kati ilikuwa darasa la tano mpaka la nane, na aliyemaliza la nane alikuwa msomi wa kusomewa jina lake kanisani. Mwalimu Mkuu akaniambia tunajenga darasa jipya, na kwa kuwa mimi ndiye wa hesabu, nipime msingi. Nikapima. Urefu futi thelathini, huku na huku. Upana futi ishirini, huku na huku. Pande zilizoelekeana zililingana bila kupungua hata inchi. Nikaandika vipimo kwenye daftari, nikatia saini bila kuombwa.

Wazazi walibeba matofali kutoka mtoni, wakapandisha mistari mitatu. Ndipo akaja fundi wa paa kutoka mjini Arusha, Mistri Gurdial, Singasinga mwenye kilemba cha kijivu na mikono kama mbao alizozifanyia kazi. Hakunisalimia mpaka alipomaliza kupima. Alivuta kamba kutoka kona hadi kona, akaweka alama. Akaivuta kwenye kona mbili nyingine, akaweka alama tena. Moja ilikuwa futi thelathini na saba, nyingine thelathini na tano.

"Nani amepima hapa?" akauliza.

"Mimi, Mistri. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Darasa lako limelala."

"Lakini pande zote zinalingana."

"Pande za kitanda kilicholegea pia zinalingana," akasema. "Kikisukumwa kinalala upande, na pande zake hazibadiliki. Kona kwa kona ndiyo inayosema."

Tukabomoa mistari mitatu mbele ya wazazi waliobeba yale matofali. Hawakusema neno. Ningependa wangesema.

Alipokuwa anasubiri tusafishe matofali, Mistri alichukua kamba ndefu akaigawa sehemu kumi na mbili zilizo sawa. Akaivuta na kuikunja ili upande mmoja uwe na sehemu tatu, wa pili nne, wa tatu tano. Pale tatu na nne zilipokutana pakawa na kona iliyonyooka kabisa. Nilikuwa nimeshafundisha kanuni hiyo ubaoni mara kadhaa na kuwapa alama wanafunzi walioikariri. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba inaweza kukanyagwa kwa miguu. Kwa hiyo vijana, ukipima msingi, ukipima mlango, ukipima hata meza, pima kona kwa kona. Kama vipimo hivyo viwili havilingani, usitie saini.

Tangu siku ile kila Jumamosi nilipanda lori la ndizi mpaka mjini, nikaenda kwenye karakana ya Mistri. Mwanzoni alinipa kazi ya kushika ncha nyingine ya kamba. Baada ya miezi michache akaniruhusu kuuliza maswali. Alikuwa hajasoma zaidi ya miaka minne, lakini alikuwa na kichwa kisichokubali kitu kwa sababu tu kimesemwa vizuri. Nikimwambia jambo, aliuliza, "Unajuaje?" Nikijibu kwamba imeandikwa, aliuliza aliyeandika alijuaje. Nimekaa na maprofesa baadaye, wengine wenye majina marefu, na swali lao kubwa lilikuwa hilohilo. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na randa mkononi.

Sasa mafundo. Yaliingia shuleni kwetu kwa kasha. Shule moja ya watoto wa Kizungu ilikuwa inasafisha maktaba yake, na Bwana Mkaguzi wa elimu akaona vitabu vilivyochakaa vitatufaa sisi. Ndani ya kasha kulikuwa na nyimbo za Krismasi, mwongozo wa kufuga nyuki katika nchi yenye theluji, na kijitabu kisicho na jalada kilichojaa picha za kamba zilizojifunga. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, nikakipambanua kwa kamusi kwa mwaka mzima.

Kijitabu kilisema hivi. Chukua kamba, funga fundo, kisha unganisha ncha zake mbili, kusiwe na mwanzo wala mwisho. Sasa unaweza kuivuta, kuisokota, kuipitisha utakavyo, ila usiikate. Je, fundo hili linaweza kugeuka kuwa lile? Na je, kuna fundo lisiloweza kamwe kufunguka likabaki duara tupu? Kilisema kwamba yapo, na kwamba uthibitisho wake umeelezwa kwenye kurasa za mwisho. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Nimeulizwa mara nyingi nilivutwa na nini kwenye kazi hii. Nilivutwa na mchwa. Kama wangeanza upande wa mbele, ningefuga nyuki.

Nikanunua kamba za katani, nikazipaka nta ili ziteleze. Nitawapa ufundi mmoja mmoja, maana hamtaupata vitabuni. Ncha mbili usiziunganishe kwa kufunga. Zishone kwa uzi, la sivyo utakuwa na fundo juu ya fundo na hutajua unachunguza lipi. Ukichora, pale kamba inapopita chini ya nyingine, kata mstari wako, uache nafasi, ili jicho lijue ipi iko juu na ipi iko chini. Mahali hapo nilipaita pishano. Hesabu mapishano yako kila mara kabla ya kwenda kula, uyahesabu tena ukirudi. Na mchoro ulioshindwa usiuchome. Mimi nilichoma mingi nikiwa kijana, kisha nikashindwa upya kwa namna ileile.

Nilitundika mafundo yangu ukutani darasani, yale yenye mapishano matatu, manne, matano, mpaka tisa. Bwana Mkaguzi akaja siku moja, akayatazama kwa muda, mikono nyuma. Akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba amefurahishwa na somo la ufugaji. Mwaka uliofuata shule ikapewa mbuzi wanne wa maziwa. Mwalimu Mkuu alinikataza kumwandikia kumsahihisha.

Nakuja sasa kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa na mafundo mawili yenye mapishano tisa ambayo hayakuwamo katika picha za kijitabu. Moja nililifunga siku ya Jumatatu, jingine siku ya Alhamisi, nikayaita hivyo. Yalifanana kama ndugu. Kwa miezi kumi na moja nilijaribu kuligeuza la Jumatatu liwe la Alhamisi, kila siku baada ya vipindi, juu ya meza yangu pale nyumbani. Sikuweza. Mwishoni nikaamini kwamba ni mafundo mawili tofauti, na kwamba mimi, mwalimu wa Akheri, nimeyagundua.

Nilimwambia Mistri.

"Unajuaje kwamba ni mawili?"

"Nimejaribu miezi kumi na moja."

Aliendelea kupiga randa. "Hapo umenieleza habari za wewe," akasema. "Sijasikia habari za kamba."

Nilikasirika kidogo, nikarudi na lori la mapema.

Mwaka huohuo chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa kilitangaza nafasi moja kwa mwalimu wa nchi yetu kwenda kusoma hisabati. Mwombaji atume kazi yake mwenyewe. Nilituma kurasa ishirini kuhusu Jumatatu na Alhamisi, kwa mwandiko wangu bora. Niliandika "imethibitishwa" mara saba. Baada ya miezi mitatu likaja jibu: nimepata nafasi.

Hamwezi kuelewa uzito wa barua ile wakati ule. Waafrika waliokuwa wamesoma hisabati kiwango hicho ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja. Mchungaji aliitangaza. Walimu wenzangu walifanya chai ya kuniaga, wakanipa blanketi. Baba mkwe alikuja kwa miguu, akanishika mkono, akasema, "Kumbe yanafunguka." Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Anandumi alinunuliwa sanduku la bati na kaka yake, akapanga nguo zangu ndani yake siku kumi na tano kabla ya safari.

Siku nane kabla ya safari alikuja Koko Naserian.

Jirani yangu alikuwa ameoa binti wa Kiarusha kutoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima Meru, ambako mvua hufika imeshachoka. Binti huyo alikuwa amejifungua, na mama yake, Koko Naserian (koko ni bibi kwa Kimaa), akaja na punda wake wawili kumlea mzazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyefunga mizigo ya punda tangu utotoni kwa kamba za ngozi alizozikata mwenyewe. Mchana ule alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

"Takwenya, Koko," nikamwamkia kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia.

Kimaa changu kiliishia hapo. Akakaa kwenye kigoda kungoja Anandumi amimine maziwa na kuosha kibuyu. Mezani yalikuwapo mafundo yangu mawili. Aliyatazama.

"Hizi za punda?" akauliza.

"Hapana, Koko. Za kusoma."

"Mbona umefunga moja mara mbili?"

Nikacheka kwa adabu. "Si moja. Hili ni tofauti na hili."

"Ni moja."

"Koko, nimejaribu miezi kumi na moja."

Hakubishana. Alichukua Jumatatu, akaliweka juu ya magoti, akaingiza kitanzi kimoja kwenye kidole gumba cha mguu. Akatanua vitanzi vingine kwa vidole vya mikono, fundo zima likasimama hewani kama kikapu. Kisha akaukamata ule uzi wa nje kabisa, akaupitisha juu ya fundo lote kama mtu anayevaa mkufu kwa kuupitisha kichwani, akaushusha upande wa pili. Akavuta kidogo hapa, akalegeza pale. Akaliweka mezani kando ya Alhamisi.

Nikahesabu mapishano. Nikafuata kwa kidole, juu, chini, juu. Yalikuwa sawa, moja baada ya jingine, mpaka la tisa. Anandumi alikuwa hajamaliza kuosha kibuyu.

"Wewe unalaza mezani," Koko akasema. "Kamba haikai mezani."

Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, kwa uvumilivu ambao watu humpa mtu aliyepotelewa na punda. Kisha akachukua kibuyu chake akaenda kwa mjukuu.

Nilibaki nimekaa. Anandumi akaja akasimama mlangoni, anafuta mikono.

"Una nini?"

"Mafundo ni moja."

"Mafundo gani?"

"Yale niliyoyapelekea barua. Nilisema ni mawili. Ni moja."

Akavuta kiti akakaa. Anandumi hakuwa mtu wa kukaa mchana.

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Na yule bibi?"

"Yeye hajui kama amefanya kitu."

"Kule chuoni wanajua?"

"Hawajui. Wameamini niliyoandika."

Akafikiri. "Ukienda, ukasoma, ukajua mengi, si utawaambia baadaye?"

Ilikuwa hoja nzuri. Kwa siku mbili niliishi ndani yake. Nilijiambia kwamba kosa ni dogo, kwamba hakuna duniani atakayekufa kwa sababu ya Jumatatu na Alhamisi, kwamba nafasi ile ikinipita itakwenda kwa mwingine na watoto wa Akheri wataendelea kupewa mbuzi. Yote hayo yalikuwa kweli. Sikulala vizuri, na mchana nilifundisha kugawanya kwa desimali huku nikikwepa neno "thibitisha".

Jumamosi nikaenda karakana. Nilimweleza Mistri kila kitu, nikitegemea atanikumbusha kwamba alinionya. Hakunikumbusha. Aliuliza tu, "Huyo mama ni wa wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayesikia habari za fundi mwenzake.

"Nifanyeje, Mistri?"

"Wewe ulishafika mstari wa tatu," akasema. "Ukiongeza wa nne, kubomoa kutakuwa kugumu zaidi."

Niliandika barua siku ileile, kwenye benchi lake, karatasi ikiwa juu ya vumbi la mbao. Nilieleza kwamba mafundo mawili niliyoyaita tofauti ni fundo moja. Kwamba aliyeonyesha hivyo ni bibi mfunga mizigo wa Oldonyo Sambu. Kwamba kushindwa kwangu nilikuwa nimekuandika kama uthibitisho, na kwa hiyo sistahili nafasi niliyopewa. Nikaitumbukiza posta kabla ya kupanda lori, kwa sababu nilijijua.

Nilipomwambia Anandumi alitazama sanduku la bati.

"Basi lipangue mwenyewe," akasema.

Nikalipangua mwenyewe. Nilipeleka blanketi kwa Mwalimu Mkuu, akakataa kulipokea. Alisema safari imefutwa lakini baridi ya Meru haijafutwa. Baba mkwe hakuja. Wanafunzi walinipa jina la Mwalimu Punda, na kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha kwamba jina la kitu halibadilishi kitu chenyewe, sikuwa na msingi wa kuwachapa.

Jibu la chuo lilikuja baada ya wiki sita, mistari mitatu ya mashine: nafasi amepewa mwombaji mwingine, wanashukuru kwa uaminifu wangu. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, mwandiko wa haraka: "Huyo mama alifanyaje? Chora kila hatua."

Niliusoma mstari ule mara nyingi kuliko barua ya kwanza.

Koko alikuwa ameshaondoka kurudi kwake. Likizo ilipofika nilipanda lori mpaka mjini, nikapata jingine la barabara ya kaskazini, nikashuka na kutembea kuzunguka mgongo wa mlima, huku kofia ikitaka kurudi nilikotoka kwa upepo. Nilimkuta anakata ngozi. Nilimweleza nimekuja kujifunza alivyofanya. Hakushangaa. Nadhani aliona ni jambo la kawaida mtu mzima kutembea siku nzima ili afundishwe kufunga mizigo.

Alikuwa mwalimu mgumu. Hakujua kufanya nusu. Nikimwambia simama hapo nichore, mikono yake ilikuwa imeshapita hapo.

"Tena, Koko," nilisema.

"Wewe macho yako yako kwenye karatasi," alisema. "Angalia mkono."

Nilikwenda kwake likizo nne. Nilipata michoro kumi na minne, kila mmoja hatua moja mbele ya mwingine. Nilipoitandaza yote sakafuni kwake, nikaona kitu ambacho yeye alikijua kwenye vidole na mimi sikuwa nimekijua popote. Pamoja na maringo yote ya ile kazi, alikuwa anafanya mambo matatu tu. Anasokota uzi kupata kitanzi kidogo, au anakinyoosha. Anatelezesha uzi mmoja juu ya mwingine, au anautoa. Anapitisha uzi juu ya pishano la nyuzi mbili nyingine. Basi. Mengine yote ni hayo matatu yamevaa nguo za sherehe.

Nilimwonyesha. Akahesabu kwa vidole, mambo matatu.

"Ni hayo," akasema. "Ulitaka mangapi?"

Jambo la pili lililonisaidia lilikuwa uhaba wa vifaa. Ili nisipotee nilipokuwa nachora fundo ubaoni, nilipaka kila kipande cha uzi rangi yake, kuanzia pale kinapotokea chini mpaka kinapozama tena. Shule ilikuwa na chaki za rangi tatu: nyeupe, nyekundu, bluu. Kwa rangi tatu nililazimika kujiwekea sheria. Kwenye kila pishano hukutana vipande vitatu, kimoja kinachopita juu na viwili vya chini. Sheria yangu ilisema ama vyote vitatu viwe rangi moja, ama vyote vitatu viwe rangi tofauti. Viwili sawa na kimoja tofauti, hapana.

Fundo dogo la kwanza la kijitabu, lenye mapishano matatu, lilikubali sheria hiyo kwa rangi zote tatu. Duara tupu halina pishano wala kipande cha pili, kwa hiyo lina rangi moja tu. Na nilipojaribu yale mambo matatu ya Koko, moja baada ya jingine, nikaona kwamba kila likifanyika unaweza kurekebisha rangi palepale bila kugusa sehemu nyingine, na fundo lililokuwa na rangi tatu halipotezi utatu wake. Nilikagua kila hali. Nilikagua nikiwa nimeshiba, nikakagua nikiwa na njaa.

Sasa fuateni. Kila unachoweza kuifanyia kamba bila kuikata, ukikigawa hatua ndogondogo, ni yale mambo matatu. Hakuna hata moja linaloweza kuondoa rangi tatu. Duara tupu lina rangi moja. Kwa hiyo fundo lile halitakuwa duara tupu kamwe, si kwa mikono yangu, si ya Koko, si ya yeyote atakayezaliwa. Hapo hakuna habari za miezi kumi na moja. Ni habari za kamba.

Nilipompelekea Mistri, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza "Unajuaje?" mara nane, na mara ya tisa hakuuliza. Alifungua kopo la biskuti.

Chuoni nako nilituma. Yule mwenye mwandiko wa haraka alijibu kwamba uthibitisho ni sahihi, na kwamba mtu mmoja ng'ambo ya bahari alishaupata miaka michache kabla yangu. Nilichelewa kwa miaka hiyo na kwa bahari moja. Aliandika pia kwamba mwaka huo nafasi ipo, na safari hii hawaoni sababu ya kunipa mwingine wa kushindana naye. Anandumi aliisoma barua mwenyewe. Jioni nilikuta sanduku limepangwa.

Yaliyofuata mnayajua au mnaweza kuyakisia: miaka ya kusoma, kisha Uhuru, kisha kufundisha vyuoni mpaka nilipostaafu na kuhamia hapa Lemara, mjini Arusha. Nilipewa vyeti. Niliandika makala zinazosomwa na watu wachache wanaojuana kwa majina. Sina malalamiko.

Ila kabla ya kuondoka, mwezi wa Februari, nilikwenda Oldonyo Sambu kumuaga Koko. Nilimpa lile fundo dogo la mapishano matatu, nimelishona ncha.

"Koko, hili nimethibitisha. Halifunguki."

"Nani hawezi kulifungua?"

"Hakuna anayeweza."

Aliligeuza mkononi. "Kamba yako ngumu," akasema. "Labda ndiyo sababu."

Akakata ukanda wa ngozi laini, akaupaka mafuta, akafunga fundo lilelile, akashona ncha mbili kwa mshipa wa ng'ombe, mshono ambao haukuonekana kwa jicho. Ya kwangu akanirudishia.

Mvua za masika zikaja zikaisha. Mwezi wa Juni, safari yangu ikiwa bado, jirani yangu alikwenda kuwasalimia wakwe, akarudi na kitu kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Ilikuwa ile ngozi. Ilikuwa imegeuka nyeusi kwa mafuta na moshi, inang'aa kila mahali vidole vinapoweza kupita, na palipokuwa na vitanzi ngozi ilikuwa imelainika kama kitambaa. Mapishano yalikuwa matatu. Mshono haukuguswa.

"Amesema nikuambie amekubali," jirani akasema.

Nilijua, kama mnavyojua nyinyi sasa, kwamba kushindwa kwake hakuongezi chochote kwenye uthibitisho. Uthibitisho ulikuwa umekamilika kabla hajaanza. Hata hivyo nilikaa na ile ngozi mkononi kwa muda, Anandumi akaniita kula mara mbili.

"Hakusema lingine?" nikamuuliza jirani.

"Amesema ngozi ni yake. Ukishaitazama, umrudishie."